Hakuna Ambulensi Iliyokuja Kwangu

Naanza na hilo kabisa. Ambulensi haikuja, polisi hawakuja, na mtoto hakula. Kama umeshasikia ile voisi ya shoga yangu kwenye grupu la kina mama wa hapa Des Moines, ile anayocheka mpaka anakohoa akisema usiku wa Halloween mtoto kala kitu mlangoni kwangu mpaka ambulensi na polisi wakaja, basi ifute, toleo sahihi ni hili, na lenyewe ni baya vya kutosha, halikuhitaji chumvi yake.

Mnaujua msimu huu wa Halloween ulivyo huku Marekani, watoto wanavaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, na kila baraza boga. Ila siku hizi boga la chungwa peke yake limekuwa la kishamba. Watu wanataka meupe pee, yale ya Lumina, wanataka Jarrahdale la kijivu kinachokimbilia bluu ambalo asili yake Australia, wanataka na lile la Kifaransa, Galeux d'Eysines, rangi ya waridi, mwili mzima chunjua, na eti hizo chunjua ni sukari imetokeza kwenye ganda, halafu ndio linauzwa ghali kuliko lenye ngozi nzuri! Jarrahdale nilipoliona dukani nilicheka peke yangu, maana boga la rangi hiyo kwetu Muheza tunalitia nazi, sijawahi kuona mtu kaliweka mlangoni analitazama. Nikanunua lakini. Nikanunua na jeupe moja, nikalitoboa, nikalikomba nyama yote ya ndani niweke mshumaa, ila mdomo wa juu nikaukata mpana sana. Huo mdomo tutaurudia.

Hela ikaishia hapo na baraza bado tupu. Jirani wa ng'ambo kayapanga mpaka kwenye ngazi, mimi nina mawili, usingizi utakuja kweli? Nikachukua boga la chungwa la bei chee na kopo la rangi ya kupuliza, nikalipiga ile rangi iliyo kati ya bluu na kijani, bahari ya Raskazone kule Tanga saa tano asubuhi. Rangi hiyo nilikuwa nimeiona mtandaoni, boga kama hilo hilo limewekwa mlangoni kwa mtu, limependeza, nikajua hii ndio fasheni ya mwaka. Chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu. Sasa jamani, nani anasoma maelezo?

Nikaliweka mbele kabisa, chini ya taa.

Pipi nilinunua, ila roho ikaniambia hawa watoto chokleti watapewa kila nyumba, wewe wape cha kwenu. Nikapika kashata za karanga. Karanga nimekaanga kwa mkono wangu, nimezipepeta maganda, iliki sikuibania, sinia zima, kila kipande nimekifunga kwenye tishu. (Mnaosema huku watu hawapokei vitu vilivyopikwa nyumbani, sasa najua, asanteni, mmechelewa.)

Basi ikafika saa kumi na mbili jioni. Hapa Des Moines mtoto hapewi kitu bure, lazima akuchekeshe kwanza, ndio utaratibu wa mji huu toka 1938, walikuwa wanatafuta namna ya kuwatuliza watoto waliokuwa wanafanya fujo usiku wa Halloween. Kwa hiyo mtu unasimama mlangoni unacheka vichekesho usivyovielewa mpaka saa mbili usiku. Mwenzenu nimevaa dera, nimejifunga mtandio, sinia mkononi, najiona balozi.

Likaja dinosa dogo. Miaka saba hivi, mkia unaburuzika kwenye ngazi. Mama yake kabaki chini kwenye njia, kavaa uchawi kamili, kofia ndefu nyeusi na joho. Yule mama akaliona boga langu. Akasimama. Akaweka mkono kifuani, macho yakamlenga machozi, akaniita kutoka kule chini, asante, asante sana, nyumba yako ndio ya kwanza mtaa huu mzima!

Nikamjibu, nimelipaka mwenyewe!

Naomba mnielewe, mimi nilijua ananisifia rangi.

Dinosa akatoa kichekesho chake, sijui mifupa ilikataa kwenda kwenye dansi kwa sababu gani, nikacheka kwa adabu. Akafungua kikapu. Nikachagua kashata nene kuliko zote. Mkono wangu ukaenda, mkono wake ukaja, tishu imeshagusa ukingo wa kikapu, akaniuliza kistaarabu kabisa, hii ni nini? Na mimi kwa kujidai, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani wa ng'ambo, nikamwambia, KARANGA, baba! Karanga na sukari!

Mtoto akanyanyua mikono yote miwili juu. Hakupiga kelele, hakukimbia, kanyanyua tu mikono na kurudi hatua moja nyuma, inaonekana kafundishwa.

Mama yake sasa. Ngazi zote karuka, kofia imebaki hewani, joho limetanuka, anapiga ukelele wa HAPANA. Mwanamke nimezaliwa Tanga mimi, usiku, mchawi anakuja mbio usawa wangu, mlitaka nifanye nini? Nikarudi nyuma. Mguu wa kulia ukaingia kwenye lile boga jeupe, wote, mpaka juu ya kifundo. Nikautikisa, hautoki. Nikakanyaga hatua nyingine boga likiwa mguuni, likateleza, sinia likapaa. Niliziona kashata zikipita mbele ya taa moja moja, iliki yangu ile, karanga zangu zile, zikawanyeshea dinosa, mchawi na foleni ya watoto waliokuwa nyuma yao. Nikaketi kitako juu ya Jarrahdale. Halikupasuka, kwa hilo nalisifu.

Watoto wakapiga makofi. Walidhani na mimi natoa kichekesho changu.

Yaliyobaki ni mafupi. Mtoto hakugusa hata chembe, alikuwa na glovu za dinosa, mama akamvua, akampangusa, akanivuta boga mguuni, tukafagia na kuosha baraza kwa sabuni pamoja, ananieleza huku anacheka na mimi nataka kulia. Kumbe mtoto ana aleji ya karanga, zinamdhuru, na boga la rangi ile ni alama. Toka 2014 shirika la FARE la watu wenye aleji za vyakula limeieneza nchi nzima, wazo lilitoka kwa mama mmoja wa Tennessee, ukiliweka mlangoni unawaambia wazazi kwamba hapa kuna zawadi zisizoliwa, stika, penseli, vijiti vinavyong'aa gizani. Mimi hapo hapo nimepika KARANGA. Na kuna la waridi la saratani ya matiti, na la zambarau la kifafa, kwa hiyo na wewe mwenye kopo la rangi huko uliko, uliza kwanza.

Kitu pekee kisicholiwa nilichokipata ndani ni kitwiga cha mbao cha kuning'iniza funguo, nikampa. Kakifunga kwenye mkia.

Shoga yangu alikuwa kwenye gari ng'ambo ya barabara muda wote huo, anarekodi. Jana kaja, Jarrahdale nimelipika na nazi, kala sahani mbili, nikamwomba aifute ile video. Ananiambia anasubiri nimpakulie ya tatu.