Orodha ya Shule Ifike Ghalani Kabla ya Fedha za Korosho

Wiki ya pili ya Januari nilisimama katika duka la vifaa vya shule mjini Masasi, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na karatasi mkononi na binti yake ubavuni. Alikuwa amekwisha kuchagua sketi, mashati mawili meupe, kaunta buku sita na viatu vyeusi. Muuzaji alipomtajia jumla, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kurudisha kimoja kimoja: viatu kwanza, halafu shati moja, halafu kaunta buku tatu. "Dada, niwekee na hii sketi, nitaimalizia nikipata kibarua cha palizi." Muuzaji akamjibu kwa upole, "Nitakuwekea, mama, lakini isipite mwezi." Binti hakusema neno.

Tulipokutana mlangoni nilimuuliza kama nyumbani kwake wanalima korosho. Alisema wanalima, na kwamba fedha za mnada ziliingia mwezi wa Novemba. Orodha ya shule aliipata baada ya Mwaka Mpya. Katikati ya siku hizo mbili walilipa madeni ya dukani, wakanunua bati, wakamuuguza bibi. Hakuna hata shilingi moja katika hizo iliyopotea ovyo, na bado mtoto alikuwa anakwenda kidato cha kwanza bila viatu.

Hilo ndilo linaloniuma. Huku kwetu Mtwara na Lindi fedha kubwa ya mwaka hupita mara moja, kati ya Oktoba na Desemba, minada inapofanyika na malipo yanapoingia benki. Januari ni mwezi mgumu: mvua zimeanza, shamba linadai mbegu na nguvu, ghala limefungwa. Shule nazo hungoja mwezi huohuo ndipo zimweleze mzazi anachodaiwa. Kama kweli tunataka kuzisaidia familia kujiandaa na mwaka wa masomo, msaada wa kwanza ni taarifa, nayo imfikie mzazi wakati fedha ingali mkononi.

Ninapendekeza jambo moja tu, tena lisilo na gharama. Kila shule iandike orodha yake mwezi wa Septemba, na mwalimu mkuu aipeleke mwenyewe katika mkutano wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kule ambako wakulima hukusanyika kwa wingi kabla ya msimu, kisha ibandikwe katika ukuta wa ghala, mahali ambapo kila anayeleta gunia atasimama kusubiri mizani. Nitaambiwa kwamba mtoto wa darasa la saba hajui shule aliyopangiwa mpaka Desemba, na ni kweli. Lakini shati jeupe, madaftari, soksi na mkebe wa hesabu havingoji jina la shule, na aliyevinunua mapema atabakiwa na sketi au suruali tu.

Mama yangu, kule Tandahimba, alikuwa akinunua vitambaa vya sare wiki ileile malipo ya korosho yalipotoka, akavifungia katika sanduku la chuma, na ufunguo akautia katika pindo la kanga. Baba alipokuja kuomba fedha ya jambo lolote, sare ilikuwa imekwisha kuwa kitambaa, na kitambaa hakikopesheki. Leo malipo huingia katika akaunti, na katika nyumba nyingi akaunti hiyo ni ya baba, ilhali anayejua mtoto amepasukiwa viatu ni mama. Kwa hiyo orodha ikisomwa mkutanoni, mbele ya baba na mama na majirani, inakuwa neno la nyumba nzima, na mama haachiwi tena kubembeleza peke yake.

Wapo wanaotaka fedha ya shule ikatwe moja kwa moja katika malipo ya mkulima. Makato katika kilo ya korosho yamekwisha kuwa mengi, na sitaunga mkono kato la nyongeza isipokuwa mkulima mwenyewe ameliomba kwa saini yake.

Wapo pia wanaosema korosho zetu huishia katika ngoma. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba zipo nyumba ambako sherehe imekula fedha ya sare. Hata hivyo jando na unyago ni malezi, na mzazi anayemlipia mwanawe somo la kumfunda si mzazi asiyejali elimu. Mwekeeni orodha mbele yake kabla hajapanga sherehe, kisha ndipo mumhukumu.

Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, imeondoa mzigo mkubwa, nami ninaishukuru kwa dhati. Lakini sare na madaftari vilibaki kwa mzazi, na hapo shule zenyewe zinaweza kupunguza. Nimeona orodha inayodai sweta kwa mtoto atakayesoma Masasi, katika joto la Januari ambalo hata walimu hulikimbia na kwenda kivulini. Kila kisicholazima kifutwe. Tangazo kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare ni jema, lakini aliyewahi kukaa darasani na nguo za nyumbani kati ya wenzake arobaini anajua kwamba kupokelewa hakumwondolei mtoto aibu.

Asiyepewa orodha mapema ndiye pia anayeangukia kangomba, yaani kuuza korosho kwa walanguzi nje ya mnada, kwa sababu deni la Januari hulipwa kwa korosho zikiwa bado maua, kwa bei anayoitaka mnunuzi, na msimu unaofuata humkuta ameuza kabla ya kuvuna.

Chama chetu cha msingi kitakutana Septemba. Nimekwisha kumwomba mwenyekiti dakika kumi, na mwalimu mkuu wa shule ya kijiji amekubali kuja na orodha yake, bila sweta.