Majivu hayaoshi chumvi

Chukua kokoto moja ya matumbawe iliyokauka, uidondoshee maji. Hayatiririki; yananywewa palepale, na viputo vidogo vinatoka kwenye vitundu vyake. Kokoto ya graniti mara nyingi hainywi hata asilimia 1 ya uzito wake. Ya matumbawe huweza kupita asilimia 10. Ndiyo maana zege lake huanza kuwa gumu kabla halijamwagwa, na mwenye ndoo, kwa nia njema kabisa, anaongeza maji, nayo yanalidhoofisha. Lawama nyingi wanazobebeshwa matumbawe zilianzia kwenye ndoo hiyo.

Siku hizi ukilalamikia zege la matumbawe unaambiwa tu: weka majivu. Yaani majivu ya makaa ya mawe, au unga wa taka za tanuru la chuma, au vumbi la silika, au udongo wa kaolini uliochomwa. Mimi mwenyewe ni shabiki wa viongezi hivi. Kinachoniudhi ni kwamba vinasifiwa kwa kazi visiyoiweza, na ile vinayoiweza inapimwa ovyo.

Saruji ikishika huacha chokaa ndani ya zege, nayo haibebi mzigo wowote wa maana. Silika iliyomo kwenye majivu huikamata chokaa hiyo na kuigeuza gundi ileile inayolishikilia zege. Warumi walifaidi jambo hili kwa majivu ya volkano ya Pozzuoli, na baadhi ya kuta zao za bandari zimo baharini mpaka leo, miaka 2000 baadaye. (Hazikuwa na nondo. Tutalirudia hilo.)

Vumbi la silika ni jembamba mno, chembe zake zikiwa ndogo kama mara 100 kuliko za saruji, kwa hiyo huziba vipenyo ambavyo saruji haifiki. Asilimia 5 hadi 10 inatosha. Ukizidisha, zege linanata kama ulimbo. Kaolini ndiyo ninayoipenda zaidi. Alumina yake huifunga kloridi, ile sehemu ya chumvi inayotia chuma kutu, ndani ya fuwele ziitwazo chumvi ya Friedel, tena huweza kuungana na kaboneti ya matumbawe yenyewe pale gundi inapokutana na kokoto.

Lakini hebu vunja kipande cha zege hilo ukitazame. Katika zege la graniti ufa huizunguka kokoto. Hapa ufa umepita katikati ya kokoto, umeikata kama muhogo. Gundi ilishaishinda kokoto zamani, na kumwaga silika zaidi ni kuimarisha upande ambao haukuwa mgonjwa.

Halafu chumvi. Viongezi vinaipunguzia kasi ile inayotoka nje. Iliyokuja ndani ya kokoto kutoka baharini haihitaji safari, imeshafika kwenye nondo. Chumvi ya Friedel hufunga sehemu tu ya kloridi, na hewa ya kaboni dioksidi ikipenya huiachia tena. Kanuni za Ulaya, EN 206, haziruhusu kloridi izidi asilimia 0.40 ya uzito wa saruji kwenye zege la kawaida lenye nondo, na daraja kali zaidi ni 0.20. Kokoto isiyooshwa inaweza kuumaliza mgao huo peke yake. Nondo ikishika kutu huvimba, zege linabanduka, na majivu yako yamo humohumo yakishuhudia.

Kwa hiyo osha kokoto kwa maji baridi yasiyo na chumvi, au usitie chuma. Zipo nondo za nyuzi za kioo na za basalti. Baada ya hapo ndipo tuzungumze viongezi.

Na kuosha kuna faida ya pili ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kokoto iliyoshiba maji haimlazimishi mtu kushika ndoo, kisha huyarudisha maji yale kidogokidogo zege likiendelea kukomaa. Majivu ya makaa ya mawe yanafanya kazi polepole kwa wiki nyingi, na kazi hiyo haiendi bila unyevu. Ulafi ule wa maji unageuka akiba.

Bahati mbaya kyubu, kile kipande cha zege kinachomwagwa ili kupima nguvu, huvunjwa siku ya 28, muda uliozoeleka kwa saruji tupu. Yenye majivu mengi siku hiyo bado inajikusanya, inaandikiwa kuwa dhaifu, na mchanganyiko unatupwa. Ya kuvunjwa siku ya 90 hakuna aliyekumbuka kuimwaga.