Mstari wa daladala mmeuficha wapi?

Hivi wenye daladala mnatuonaje sisi abiria? Ule mstari wa rangi ubavuni uliwekwa ili mtu ajue gari ni ya ruti gani hata kabla konda hajafungua mdomo, sasa nyie mnabandika stika juu mpaka chini, sura ya mchezaji, mistari ya dini, jina la timu, sijui nini, mstari wenyewe umebaki kipande juu ya tairi la nyuma. Jioni pale kituo cha Makumbusho, Dar, na lile nyomi unakimbilia gari ukidhani ya Mbagala kumbe inaenda Tegeta, na konda anakucheka!! Manchester tramu zao, zile treni za mjini, wamezipiga njano, unaziona toka mbali. Pambeni ndani bwana, wekeni hata maua ya plastiki, ila ubavuni tuachieni rangi yetu.