Usiku London Iliponyeshewa Bia

Naishi London, na visa sikuombwa. Ni hii yetu ya Nakuru, chini ya Menengai, ambako upepo ukigeuka vibaya pua inakukumbusha kwamba jalala la Gioto ni jirani. Nautaja mtaa mapema kwa sababu ndio ulioniponza.

Nilikuwa nimesoma kwamba mwishoni mwa miaka ya 1700, pale Bow, mashariki mwa London ile ya Uingereza, kulikuwa na kiwanda cha bia cha Hodgson kilichopakia mapipa melini kwenda India. Bia ile ilitiwa hopsi nyingi, yale maua machungu ya kukolezea bia, ili ihimili safari, na vizazi vya baadaye vikaiita India Pale Ale. Nikajiuliza: kama London ile iliweza, hii yetu imekosa nini?

Ningeishia kwenye swali, lakini nikaendelea kusoma. Mwaka 1994, huko Temecula, California, jamaa anayeitwa Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Blind Pig alipika ile ambayo wengi huitaja kuwa India Pale Ale maradufu ya kwanza. Mitambo yake ilikuwa chakavu, kwa hiyo akaongeza kimea na hopsi kwa fujo, ili ladha mbaya yoyote ya mitambo izame humo isionekane. Hapo nilisoma mara mbili. Mtambo wangu mimi ulikuwa ndoo ya lita 25 iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Nikaona huyu Mzungu kanifikiria mimi kabisa.

Mama Watoto alikuwa ameenda kwao Nyahururu na watoto, likizo ya Agosti. Mwanaume ukiachiwa nyumba wiki tatu, ama utalala na njaa ama utazua jambo. Mimi kula nilikuwa nakula.

Hopsi na hamira aliniletea binamu yangu aliyetoka Marekani: pakiti nne za hopsi za gramu mia mia, zimesagwa na kushindiliwa zikawa kama chakula cha sungura. Kimea nikatengeneza mwenyewe. Nilinunua kilo 10 za shayiri ya Mau Narok, nikailoweka siku mbili huku nikibadilisha maji, kisha nikaitandaza kwenye sakafu ya bafu juu ya gunia safi. Siku ya nne kila punje ilikuwa imetoa vijimizizi vyeupe, na mimi nikawa naoga nimesimama kwenye beseni jikoni. Nikaianika juu ya mabati. Ndege wa London walikula sehemu yao, siwalaumu.

Jumamosi nikawasha gesi. Sufuria nilikuwa nimeazima kwa kina mama wa chama, ile ya pilau ya harusi, na nilipoulizwa ya nini nikasema nina wageni. Nilikamua kimea kwa maji ya moto, nikachuja, machicha nikampa jirani mwenye kuku, halafu nikatumbukiza haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Ikasoma 1.062. Kwa bia niliyoitaka ilipaswa kukaribia 1.080, maana hiyo ndiyo sukari ambayo hamira itaigeuza kilevi cha asilimia nane au tisa. Nikamwaga kilo nzima ya sukari ya dukani. Ikafika 1.079. Nikapiga makofi peke yangu.

Sasa kuhusu hopsi. Maelekezo yalitaka gramu 280. Lakini Nakuru iko juu, mita kama 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huanza kutokota yakifika nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana githeri yetu inakula gesi kuliko ya Mombasa. Na uchungu wa hopsi hutolewa na moto: moto ukipungua, uchungu nao hupungua. Hayo yote ni kweli. Hesabu niliyoifanya baada ya hapo ndiyo ya kichaa: nikatia gramu zote 400.

Kuna kitu binamu hakuniambia. Hopsi na bangi ni mimea ya ukoo mmoja, na mojawapo ya zile pakiti, iliyoandikwa Columbus, ikikutana na maji ya moto haifichi undugu huo. Dakika kumi hazikuisha nikasikia mtu anakohoa chini ya dirisha la jikoni.

Alikuwa soja wa geti.

"Bosi, habari ya jioni."

"Njema. Kuna shida?"

"Hakuna." Akavuta hewa kwa pua, pole pole, macho amefumba. "Mimi nafanya tu patroli."

Patroli hiyo ilichukua saa nzima na haikuvuka dirisha langu. Nikaanza kuwaza ile sheria ya vileo ya 2010, sheria ya Mututho, na hadithi zote za watu waliovamiwa wakichemsha vitu usiku. Leseni sikuwa nayo. Nikatoka na kikombe cha chai na mandazi mawili, nikamwambia ile ni dawa ya nyanya. Ni kweli nilikuwa na miche sita ya nyanya kwenye magunia nyuma ya nyumba, kwa hiyo uongo ulikuwa na mizizi. Soja akaitazama miche, akanitazama mimi, akasema, "Hizo nyanya zitafurahi sana."

Ilipopoa, nikajaribu kuchuja. Kichujio cha chai kikaziba na tope la kijani kwenye bakuli la kwanza. Nikachoka, nikamimina kila kitu kwenye ndoo, na tope lake, lita 23 kwenye ndoo ya lita 25. Nikanyunyiza hamira pakiti mbili, nikafunika mfuniko ukalia ka!, nikachomeka juu yake kile kidude cha plastiki chenye maji ndani, kinachoachia gesi itoke bila kuruhusu hewa iingie. Kwa kuwa usiku wa Nakuru una baridi yake, nikaivika ndoo blanketi la mtoto lenye picha za twiga na kuiweka kwenye chumba cha wageni.

Jumapili saa kumi na mbili jioni simu ikalia. "Mwanangu, nimeshuka stejini. Kesho asubuhi nina kliniki ya macho."

Shangazi. Kutoka Kimilili. Ameokoka.

Nitakuelezea Shangazi. Huyu ni dada mkubwa wa baba, na kabla ya kuokoka alikuwa mpika busaa ambaye watu walivuka vijiji viwili kumfuata. Mimi mwenyewe, mtoto wa miaka sita, nilikuwa nakaa karibu na moto nikimwona anakaanga unga uliochachishwa juu ya bati mpaka unakuwa rangi ya udongo, halafu unaingia kwenye chungu na kimea cha wimbi. Baba yangu alisoma sekondari kwa hiyo busaa. Siku alipookoka alivipindua vyungu vyote uani, na tangu siku hiyo mtu akitamka neno pombe mbele yake humwangalia mpaka ajutie.

Kuihamisha ndoo sikuweza. Kilo 25 na ushee, inachemka ndani kwa ndani, ningeipeleka wapi? Nilipomwonyesha chumba, aliisimamia muda, akaangalia blanketi la twiga, akasikiliza. Kidude kilikuwa kinaimba: blop. Blop. Blop.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya nyanya, Shangazi."

"Aaa."

Hakuongeza neno. Alikula ugali na sukuma, akaomba kwa sauti, sala ndefu iliyogusia vijana wanaopotea mijini, akaingia kulala. Mimi nikajilaza kwenye kochi sebuleni nikisikiliza kupitia ukuta. Blop, blop, blop, kama mtu anakunywa maji kwenye chupa. Kufikia saa sita ilikuwa imeharakisha, huwezi kuhesabu. Halafu ikanyamaza. Nikashukuru Mungu, nikapitiwa na usingizi.

Saa nane usiku nikahisi kidole kinanidunga bega. Shangazi, leso kichwani, tochi ya simu mkononi.

"Mwanangu. Hiyo pombe yako imenyamaza."

"Shangazi, ni dawa ya—"

"Haya. Hiyo dawa yako ya nyanya imenyamaza. Kitu cha jana hakinyamazi leo. Imezibwa mdomo."

Mtu mwenye akili angemsikiliza. Sukari ile yote, hamira inapoila, hutoa gesi mamia ya lita, na gesi hiyo lazima ipite mahali. Povu lilikuwa limepanda kwa sababu sikuliachia nafasi, likabeba tope la hopsi, likalipakia kwenye kile kidude kama saruji. Lakini saa hiyo sikuwa nawaza gesi. Nilikuwa nawaza kulinda uongo wangu. Nikaingia chumbani, nikafunua blanketi ili nimwonyeshe kwamba hakuna neno.

Mfuniko ulikuwa umevimba. Nilipoufunga ulikuwa bapa. Sasa ulikuwa na mgongo kama kobe. Kando ya kidude palikuwa na tone moja la kijani, linatetemeka. Nikainama niliangalie vizuri. Kwa pembe ya jicho nilimwona Shangazi akirudi nyuma hatua mbili, taratibu, na kujisimamisha nyuma ya mlango.

Nikakigusa kidude kwa kidole kimoja tu.

Mlio ulikuwa kama wa tairi la matatu. Kidude kiligonga dari na hatujakiona hadi leo. Mfuniko ulipita kando ya sikio langu, ukavunja globu, na gizani nikasikia kitu kinapanda, shhhhh, kisha kinashuka. Kilikuwa vuguvugu. Kilinipata usoni, mdomoni, kwenye masikio, ndani ya shati. Hopsi ikiingia machoni inawasha kuliko pilipili mbivu, na mdomoni ni uchungu unaofika hadi kwenye fizi. Nilipanua mdomo nipige kelele, dari likanidondoshea tonge la kijani kwenye ulimi.

"Nyanya zako," Shangazi akasema kutoka nyuma ya mlango, "zina bahati kama huwa unazinyunyizia hivi."

Ploti nzima ikaamka. Watu walidhani mtungi wa gesi umelipuka. Soja alikuwa wa kwanza mlangoni, rungu juu, na nyuma yake wapangaji wa nyumba nne na ndoo za maji. Wakanikuta nimesimama sebuleni, kijani kuanzia nywele hadi kaptula, nanuka kama shamba ambalo polisi wangelichoma moto. Wote wakamgeukia Shangazi, maana ndiye mtu mzima pale na ndiye aliyekuwa mkavu.

Aliyeokoka hadanganyi. Nikajua nimeisha.

"Yeye anasema ni dawa ya nyanya," Shangazi akajibu. "Muulizeni mwenyewe."

Hakuna aliyeniuliza. Soja tu ndiye aliyepitisha kidole kwenye shavu langu, akakilamba, akaenda zake gizani akitikisa kichwa.

Walipotawanyika, Shangazi alikunja mikono ya gauni lake la kulalia. Sikuambiwa nisaidie, niliambiwa nishike tochi. Aliondoa uchafu uliojikusanya ukingoni, akachota lita mbili tatu akazimwaga chooni ili povu lipate pa kupumulia, akaagiza kitambaa kisafi kilichochemshwa, akakifunga juu ya ndoo kwa kamba ya leso yake, vifundo viwili haraka haraka. Akaiweka ndoo ndani ya beseni. Alipomaliza alisimama na mkono juu ya ule ubavu wa ndoo wenye joto, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Usimfunge mdomo. Wala usimshindilie hadi shingoni," alisema. Kisha akakumbuka ameokoka, akautoa mkono. "Mimi sijui mambo haya. Kesho ununue mfuniko mwingine."

Asubuhi nilimpeleka kliniki. Daktari alimuuliza kama kuna kitu kimemwingia jichoni, akasema hapana, lakini kuna kijana nje anahitaji kuangaliwa.

Kati ya lita 23 zilibaki 13. Wiki mbili baadaye haidromita ilisoma 1.012, yaani karibu asilimia tisa, nikajaza chupa 26 za nusu lita. Ilikuwa na harufu ya maganda ya machungwa na msitu wa misonobari, na uchungu wa mwarobaini uliotiwa asali. Mimi niliipenda. Mama Watoto alirudi, akaonja, akaniuliza ninaumwa nini. Soja nilimpa chupa moja ya kumshukuru kwa kunyamaza, na usiku huo geti lilikesha wazi.

Likabaki jambo moja: dari. Nilipaka rangi mara mbili, na kila likikauka lile baka la kijani linajitokeza tena, kubwa, umbo la ramani ya nchi isiyokuwepo. Mwisho wa mwezi mwenye ploti akaja kukagua. Ni mzee mstaarabu, ana shamba huko Bahati. Alisimama chini ya lile baka mikono nyuma, akauliza ni nini kilichofika huko juu. Soja alikuwa amemsindikiza. Mimi nikameza mate.

"Ni dawa ya nyanya, mzee. Ilimwagika."

"Ikamwagika juu?"

"Ni ya presha."

Akanusa ukuta. Akanyamaza. Akasema nyanya zake zote za Bahati zimeliwa na ukungu mwaka huu, amepiga kila dawa ya agrovet na hakuna ya harufu kali kama hii. Akauliza kama imebaki, nimuuzie lita tano, na kama naweza kumwambia kipimo kwa pampu ya lita 20.

Nilikuwa bado natafuta jibu soja alipodakia kutoka mlangoni, kwa upole wa mtu aliyepitia:

"Mzee, hiyo usipige kama hujala."