Kushusha kiwango cha ulevi hakutoshi: hoja kutoka Tabora

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inamvumilia dereva mwenye pombe isiyozidi miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 50, na 20 kwa madereva wachanga. Wanaotaka tushushe kiwango wana hoja nzito, kwa kuwa uwezo wa kukadiria umbali na kushika breki kwa wakati huanza kudhoofika kabla ya 80.

Hata hivyo, Uskoti ilishuka kutoka 80 hadi 50 mnamo Desemba 2014, na utafiti uliofuata haukuona ajali zikipungua. Ukaguzi haukuwa umeongezwa. Jimbo la New South Wales, Australia, lilianza Desemba 1982 kumpima pumzi dereva yeyote, hata asiye na dalili za ulevi, na vifo vikapungua. Kwa maoni yangu, mnywaji huogopa zaidi kupimwa usiku huu kuliko tarakimu iliyomo kitabuni.

Hapa Tabora lipo jambo jingine, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Anayekunywa wanzuki, pombe ya kienyeji ya asali, hasomi asilimia yoyote kwenye chupa, kwa sababu ukali wake hutegemea wingi wa asali, siku za kuchachuka na mkono wa aliyeipika, hivyo vikombe viwili vya jana si sawa na vikombe viwili vya leo. Kumtaka mwendesha bodaboda akadirie kama amefika 50 au 80 ni kumtaka apime kwa mizani asiyonayo. Kwa anayebeba abiria, sifuri ndiyo tarakimu pekee anayoweza kuitii kwa hakika.

Bodaboda wenyewe hujibu kwamba sifuri itampa askari sababu mpya ya kuwasimamisha na kuomba chochote, na kwamba faini moja humeza hesabu, yaani fedha anazopelekewa mmiliki wa pikipiki, ya siku kadhaa. Malalamiko hayo yasibezwe. Yanaweza kupunguzwa iwapo kipimo kitatoa majibu yaliyochapishwa, nakala moja akabaki nayo dereva, na iwapo kila chombo kinachofika kizuizini kitapimwa, gari la serikali likiwemo. Vifaa vikiwa vichache, vipelekwe jioni kwenye njia za Urambo, Kaliua na Sikonge wakati wakulima wa tumbaku wanapolipwa, badala ya kukaa mjini saa nne asubuhi.

Askari hawezi kufika kila kijiwe. Mmiliki wa pikipiki, anayepokea hesabu yake kila jioni, humwona dereva ana kwa ana, na deiwaka, yaani dereva wa kushikia zamu, huchukua funguo za zamu ya usiku mbele ya wenzake. Makubaliano ya kijiwe kwamba aliyekunywa hakabidhiwi funguo hayahitaji Bunge wala mashine, ingawa yatakuwa na nguvu pale tu mmiliki atakapokubali kupokea hesabu pungufu siku hiyo.