Bata maji bubu na bata maji tarumbeta: nani ampishe mwenzake?

Mwaka 1962 bata maji bubu watano walitoroka walikokuwa wakifugwa huko Maryland, Marekani, wakaingia ghuba ya Chesapeake. Kufikia 1999 walikuwa kama 4,000. Asili ya ndege huyu ni Ulaya na Asia. Alipelekwa Amerika kupamba bustani na mabwawa ya matajiri.

Mwenyeji wa huko ni ndugu yake, bata maji tarumbeta. Bubu ana mdomo wa rangi ya chungwa wenye nundu nyeusi na shingo iliyopinda. Tarumbeta ana mdomo mweusi, shingo wima, na sauti inayosikika mbali. Tarumbeta aliwindwa kwa ajili ya ngozi na manyoya, hata miaka ya 1930 wakajulikana wasiofika 70 Marekani nje ya Alaska. Kwa juhudi za miongo mingi, sensa ya 2015 ilikuta zaidi ya 63,000 Amerika Kaskazini.

Ugomvi unaanza wakati wa kutaga. Bubu hahami mbali, hivyo mara nyingi huwahi kinamasi. Dume huinua mabawa mgongoni, hurudisha shingo nyuma, kisha huyakata maji kwa miguu yote miwili kumfuata yeyote anayesogea. Tena anaweza kula kilo 3 na zaidi za mimea ya majini kwa siku, na mingine huing'oa tu. Kwenye mimea hiyo ndiko kaa na samaki wachanga wanakojificha.

Wanaomtetea bubu wana hoja nzito. Nyasi za Chesapeake ziliharibiwa zaidi na mbolea na tope kutoka mashambani kuliko na ndege yeyote, na hakujileta mwenyewe. New York ilipotangaza mpango wa kuwamaliza, wananchi walipinga kwa nguvu hadi jimbo likalegeza.

Hata hivyo, naona wapunguzwe. Njia ya upole ni kupaka mayai mafuta ya mahindi: hewa haipiti, kifaranga hakui, na mama huendelea kuatamia badala ya kutaga upya. Tatizo ni kwamba bubu huishi miaka mingi, kwa hiyo mayai pekee huchelewesha matokeo, na majimbo kama Maryland yaliishia kuwaua wakubwa. Inauma, lakini mchafuzi wa maji akidhibitiwa na bubu akaachwa, tarumbeta bado atafukuzwa kiotani. Bwawa la bustani ya mjini linaweza kubaki na bubu wasiozaliana. Vinamasi vya Michigan, ambako tarumbeta wamerudi kutaga, hapana.