Tumbo langu ndo lilikua muuaji

Kwenye ile thrila yetu ya chuo mi nilikua mtu wa saundi, na naomba ieleweke mapema kwamba mpango tulikua nao, tena wa maana. Dairekta wetu ni mtu wa makaratasi, alichora jedwali refu sini kwa sini, safu moja kinachoonekana, nyingine kinachosikika, ya tatu mtazamaji aogope kiasi gani, na hiyo ya tatu alikua anajaza kwa namba mpaka 10, sijui alikua anapima na nini.

Sauti za kisu tukapanga kutumia tikiti, maana hata yule dairekta Hitchcock, kwenye filamu yake ya kutisha ya Psycho ya 1960, kile kisu cha bafuni unachokisikia ni tikiti linachomwa. Mifupa kuvunjika, mabua ya seleri. Hatua za muuaji, viatu vya mshkaji mmoja juu ya kipande cha mbao. Kazi hii wenyewe wanaiita foli, jina limetoka kwa Jack Foley, jamaa aliyekua Universal huko Marekani, na ni kazi tamu sana isipokua tikiti likishachomwa weee halifai tena kwa saundi wala kwa kula, mi nimejaribu yote mawili.

Halafu kulikua na silaha ya siri. Dairekta alisoma mahali kwamba sauti za chini kabisa, zile za karibu na hezi 20, yani mitetemo 20 kwa sekunde, ambako sikio la binadamu ndo linaanza kushika, zinamkosesha mtu raha bila yeye kujua kinachomsumbua ni nini. Basi akataka tuilaze hiyo sauti chini ya sini kubwa, ile dada kajificha uvunguni na muuaji yuko nyuma ya mlango, dakika tatu nzima hamna maneno hamna muziki. Kwenye jedwali pameandikwa KIMYA, kuogopa 10.

Sasa kimya cha filamu sio kwamba huweki kitu. Ukiacha taimulaini, ule mstari wa kuediti unapopanga sauti na picha, tupu watu wanajua spika zimekufa. Kila chumba kina hewa yake, kuna feni, kuna friji la chumba cha pili, kuna upepo dirishani, kwahiyo mkimaliza kushuti mnarekodi hiyo hewa peke yake, mike ilipo na watu walipo, hakuna kujikuna hakuna kumeza mate, sekunde 30 mpaka dakika nzima. Inaitwa rumu toni na ndo inayoziba mapengo wakati wa kuediti.

Aliyeshika bumu, ile fimbo ndefu yenye mike, ni mimi, mikono juu, tumbo liko mbele halina ulinzi wowote. Chakula cha kruu tulikua tumeahidiwa "baada ya hii shoti" tangu asubuhi na hiyo shoti ikawa inazaa tu shoti nyingine. Dairekta akasema rumu toni jamani tulieni, watu wakaganda, na katikati ya ule utulivu tumbo langu likaongea. Sio kuunguruma kidogo, hapana, lilianzia chini huko, likapanda, likasimama kidogo linatafakari, halafu likamalizia na mlio mwembamba kama bawaba ya mlango isiyopakwa mafuta. Dada wa uvunguni nikaona miguu inatetemeka, kang'ata shuka. Jamaa wa hedifoni akainua macho taratibu akaniangalia, nikamuangalia, tukaelewana. Dairekta yeye macho kwenye saa. "Safi, tumepata!" Na hapo nani aseme turudie, chakula kishafika mlangoni?

Usiku wa kuamkia kukabidhi kazi, editor wetu akiwa na usingizi wa kufa mtu alichukua klipu ile ile, akakata sekunde 30, akainakili mpaka ikajaza zile dakika tatu. Anasikilizia spika za laptop, na zile spika ndogo sauti nzito haziitoi. Ila ubaya haukuishia hapo, akakutana na traki ya hezi 20, akaplei, haisikii, akasema hii tupu, akafuta.

Ukumbini kulikua na sabwufa.

Ngurumo ya kwanza watu kimya. Ya pili mmoja kageuka nyuma. Ya tatu washajua inakuja, kuna dada siti za mbele alimshika mwenzie mkono mapemaaa kabla haijafika, na nyuma yangu nikasikia mtu ananong'ona "yuko chini ya sakafu huyo". Ya tano mtu kapiga yowe. Mi nishateremka kwenye kiti mpaka magoti yanagusa siti ya mbele, na pembeni yangu muigizaji wetu kajifunika mtandio anacheka machozi yanatoka, mama mmoja akawa anampigapiga mgongoni pole mwanangu, ni filamu tu.

Taa zikawashwa, mwalimu akauliza ile sauti inayojirudia mmeiundaje. Dairekta hajui chochote, ila dairekta gani atasema hajui?

"Ni njaa ya muuaji, mwalimu."

Mwalimu akaandika. Kruu nzima tunaangalia viatu.

"Na imerudi kila baada ya muda uleule, ni uamuzi wenu?"

"Ndiyo mwalimu. Njaa yake haina haraka."

Akaandika tena, akapigia mstari! Kwenye upande wa saundi tukapata maksi kuliko kitu kingine chochote, wakati tikiti langu nililolisotea hakulitaja kabisa.

Nje tukamwambia dairekta ukweli, akanyamaza, akaniangalia tumbo, nikajua huyu ana mawazo. Juzi katuma jedwali la filamu inayofuata, kuna safu mpya ya chakula: kruu wote saa sita mchana, mtu wa saundi baada ya rumu toni. Nimemwambia sawa, ila tumbo liandikwe kwenye majina ya waigizaji, na liandikwe juu ya editor. Editor kagoma, anasema bila yeye lingesikika mara moja tu.